Namna ya Kuichambua Nambari Kubwa kwa Kalamu na Karatasi

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi 2,162,202 katika Kaunti ya Nakuru, na nambari hiyo inafaa sana kujifunzia jinsi nambari kubwa inavyovunjwa hadi vigawo vyake tasa, yaani vile visivyogawika ila kwa 1 na kwa vyenyewe.

Anza na tarakimu ya mwisho. Kwa kuwa ni 2, nambari ni shufwa na haigawiki kwa 5. Kisha jumlisha tarakimu zote: unapata 15, ambayo hugawika kwa 3 lakini si kwa 9, na nambari yenyewe iko hivyo hivyo.

Kwa 7, 11 na 13 wengi hukata tamaa, ilhali ipo njia moja inayozipima zote tatu kwa pamoja, nami naiona bora kuliko kanuni ya kila moja peke yake. Ukizizidisha hizo tatu unapata 1,001. Hivyo 1,000 imepungukiwa na 1 tu ili igawike kwa kila mojawapo. Kwa sababu hiyo, chukua mafungu ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kama koma zinavyoyatenga, kisha utoe na kujumlisha kwa zamu: 202 − 162 + 2 = 42. Jawabu hilo linagawika kwa 7, lakini si kwa 11 wala 13, na ndivyo ilivyo 2,162,202.

Sasa gawanya kwa 2, kwa 3 na kwa 7, inabaki 51,481. Hapa ndipo penye kazi. Vigawo viwili vinavyofika 227 au zaidi vikizidishwa huzaa angalau 51,529, kwa hiyo inatosha kujaribu nambari tasa zilizo chini ya 227. Zile ndogo, hadi 13, zinapimwa kwa kanuni zilizotangulia (481 − 51 = 430), na kutoka 17 hadi 223 zinabaki 42 za kugawanya moja moja. Kikokotoo cha simu kitakupunguzia jasho, ila hakitakuambia ukomee wapi. Zote huacha baki, hivyo 51,481 ni tasa.

Kila kimoja cha vigawo tasa hivyo vinne (2, 3, 7 na 51,481) kimetokea mara moja, kwa hiyo idadi ya vigawo vyote ni 2 × 2 × 2 × 2, yaani 16. Jumla ya hivyo 16 hupatikana kwa kuongeza 1 kwenye kila kigawo tasa kisha kuzidisha: 3 × 4 × 8 × 51,482 = 4,942,272. Ukiitoa nambari yenyewe inabaki 2,780,070, inayoipita nambari tuliyoanza nayo, jambo linalotokea kwa kila nambari iliyo zaidi ya 6 na inayogawika kwa 6.

Kwa mazoezi, chukua 1,670,570 ya Bungoma kutoka sensa hiyo hiyo. Mafungu yatakupa −99. Alama ya hasi isikubabaishe, gawanya kwa 11 na uendelee na 151,870.