Ukitaka kujadili bei ya kaboni pale Mkunguni, anza na mtungi wa petroli

Kama umeambiwa usimamie mjadala wa kodi ya kaboni, yaani kulipia moshi wa mafuta unayochoma, hapa Amu, mji wa Lamu, ama umekaa tu na wazee pale uwanja wa Mkunguni baada ya alasiri na hio habari ikaingia, soma hii kwanza manake mimi nishajiaibisha tayari. Niliingia na maneno ya barafu ya kaskazini sijui nini, nahodha mmoja akanikata katikati akaniuliza, "mwanangu, mtungi utapanda ngapi?" Jibu sina, kahawa ikanipolea mkononi, na mazungumzo yakarudi kwa bei ya kamba.

Kwa hivo anza na mtungi. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za kaboni dioksaidi, ndio, inazidi uzito wa petroli yenyewe manake inabeba na oksijeni ya hewani, hapa lazima mtu abishe, mwache abishe. Bei ya kaboni inatajwa kwa tani. Chukua dola 10 kwa tani, dola uiweke shilingi 130, inakuja shilingi 3 kwa lita, mtungi wa lita 20 umepanda shilingi 60. Ikiwa dola 50 basi ni shilingi 15 kwa lita na mtungi ni 300. Hesabu kwa sauti na wao wahesabu na simu zao, usije na karatasi ishaandikwa, mtu akipata jibu mwenyewe hawezi kusema umemdanganya.

Halafu weka hio shilingi 3 kando ya ushuru wa barabara. Julai 2024 ule ushuru wa kutengeneza barabara ulitoka shilingi 18 ukafika 25 kwa lita, saba nzima kwa mpigo, na nahodha wa Kizingitini anailipa hio 25 wakati barabara yake ni bahari! Baraza litacheka, kisha litakasirika, na hapo ndipo unapotaka lifike, kwa sababu watu wa huku ugomvi wao si jina la kodi, wanataka kujua pesa ikitoka mfukoni inakwenda kutua wapi. Mjadala ukipotea rudi hapo.

Sasa kuna mahali utakwama hata ujue hesabu vipi. Ukitaja kaboni Lamu watu wanasikia mikoko. Ni haki yao, zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kwetu, na wameshasikia habari ya Gazi kule Kwale, wale wa Mikoko Pamoja wanaotunza hekta 117 na kuuza kaboni ambayo miti yake inaifyonza, pesa ikaingia kwa maji na shule. Lakini ile ni kuuza, na kodi ni kulipa. Chora mstari mchangani, upande huu anayechoma analipa, upande ule anayehifadhi analipwa, na kila mtu akisema kitu muulize yuko upande gani wa mstari. Mzee akikwambia "2018 walitukataza kukata boriti, leo waje watulipishe na moshi", usimcheke, marufuku ilikuweko kweli na kuna nyumba zililala na njaa. Upande wa kulipwa mwambie sheria ilirekebishwa 2023, mradi wa kaboni wa ardhi, jamii ipate si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka, na mradi usio wa ardhi 25, na mtu yeyote akija na mkataba aulizwe hayo mapato ni kabla ya gharama ama baada.

Mifano ya nje usilete mingi, watu watachoka. Sweden wako nayo tangu 1991, saa hii inapita dola 100 kwa tani, lakini walipoianza walipunguza na kodi ya mishahara. Ufaransa 2018 walitaka kuongeza ya mafuta tu, watu wakavaa vizibao vya manjano wakafunga barabara mpaka serikali ikarudi nyuma. Afrika Kusini ndio wa kwanza Afrika, 2019, walianza na randi 120 kwa tani na misamaha kibao kwa viwanda. Mimi ninaoupenda ni wa Canada, kwa sababu wale walirudishiwa pesa nyumbani, inaingia kwa akaunti kabisa, na bado wengi hawakuamini, Aprili 2025 kodi ikaondolewa kwa wananchi wa kawaida. Pesa ya kurudishwa ikiwa haionekani ni kama haikurudi.

Kuna atakayesema sisi hatukuchafua kitu. Ni kweli, Afrika nzima haifiki asilimia 5 ya moshi wa dunia, usimbishie. Muulize tu, na ile meli kubwa inayoingia bandarini, ilipe? Kwenye mkutano wa Nairobi wa Septemba 2023 viongozi wa Afrika waliomba kodi ya dunia inayogusa meli na ndege pia, kwa hivo mtu anaweza kukataa ya mtungi akaikubali ya meli na hajajipinga.

Na Kwasasi itatajwa, haiwezi kosa. Ule mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliotaka kujengwa huko ungetoa karibu kilo moja ya kaboni kwa kila yuniti ya umeme, lakini usiseme bei ya kaboni ndio ingeuzuia. Mahakama ya mazingira ilifuta leseni Juni 2019 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa sawasawa, na watu wa hapa wanajua vizuri nani walihangaika.

Jengine, usimalize mambo yote kwa baraza la wanaume. Kina mama wana mtungi wao, wa gesi, ule wa kilo 6 unatoa kama kilo 18 za kaboni, kwa dola 10 ni shilingi 23 hivi. Wafuate waliko, na wakati wao, si saa ya kupika.

Mwisho usiitishe kura ya ndio na la, utapata la na kila mtu aende kuswali magharibi. Uliza hivi: ikiwa ni lazima shilingi 3 zitoke kwa kila lita, mnataka ziwekwe wapi mzione kwa macho? Andika kila jibu kwa daftari, na la nahodha liandike la kwanza. Mara ya pili nilipojaribu wengine walitaka maboya kwenye mlango wa bahari, mmoja akataka apewe yeye mkononi, lakini wengi walisema boti ya wagonjwa, yenye mashine mbili, ya kutoka Faza usiku.