Kabla ya Kutoka Mbale Kwenda Kigali: Saa, Jua na Desturi

Niliwahi kumpigia simu shemeji yangu aliyeko Kigali saa 12 asubuhi, nimuwahi kabla hajaenda kazini. Alipokea ameshtuka, akauliza nani amefariki. Kwao ilikuwa saa 11 alfajiri, bado giza. Tangu siku hiyo, mtu wa hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, akiniambia anakwenda Kigali, namuuliza kwanza habari ya saa, nauli baadaye.

Uganda iko saa 3 mbele ya UTC, saa ya kimataifa, Rwanda saa 2. Kwa hiyo unarudisha saa nyuma kwa saa 1. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba jua halifuati hesabu hiyo. Kati ya miji hii miwili, ambayo kwa barabara imetengana zaidi ya kilomita 700, jua linachelewa kama dakika 16 tu. Kigali imekaa karibu kabisa na mstari wa longitudo wa nyuzi 30 mashariki, na saa zao zimepangwa kwa mstari huohuo, kwa hiyo jua lao huchomoza saa 12 asubuhi, likikosea ni kwa dakika chache. Sisi Mbale tunatumia saa za nyuzi 45, mstari unaopita jirani na Mogadishu! Ndiyo maana saa 12 asubuhi hapa mlima Wanale bado hauonekani vizuri, na jua hutoka yapata saa 12:40. Saa yetu ya Kiswahili, inayohesabiwa toka macheo, inakaa sawasawa zaidi Kigali kuliko hapa.

Hili lina maana kwa msafiri. Jioni ya Kigali huingia mapema kwa saa, giza likianza muda mfupi baada ya saa 12. Ukizoea mwanga wa Mbale wa saa 12:30, utajikuta unatafuta nyumba ya wenyeji wako gizani. Panga kufika mchana.

Tiketi ya basi isomwe kwa makini: uliza saa iliyoandikwa ni ya wapi. Pale mpakani Katuna simu hushika mtandao wa upande huu, kisha wa upande ule, na saa inarukaruka. Zima mpangilio wa saa wa kujiendesha hadi uwe umevuka. Kwenda hakuna hasara; kurudi ndiko unakopoteza saa nzima, na aliyeahidi kuwa Kampala asubuhi aihesabu.

Kavera ziache nyumbani. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, na mizigo hukaguliwa mpakani. Funga nguo na karanga zako kwenye mfuko wa kitambaa au karatasi. Magari huko hupita kulia, basi ukivuka barabara tazama kushoto kwanza. Boda wanaiita moto: abiria mmoja tu, na dereva atakupa kofia ngumu. Ivae.

Usipange shughuli asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ni Umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha na kujenga, saa 2 hadi saa 5 kwa saa zao, na maduka mengi hufungwa. Kwa saa zetu ni saa 3 hadi saa 6, kwa hiyo hata simu ya biashara isubiri mchana. Kuanzia Aprili 7 kuna wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari ya 1994. Nenda kwa utulivu, usiulize watu kabila lao, wala usitafute muziki.

Mgeni wa Kigali anayekuja kwetu naye aandaliwe. Mwambie asogeze saa mbele, na kwamba boda wetu mara nyingi hana kofia ya abiria, hivyo aje na yake. Akija Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, kama ilivyokuwa 2024, atakuta Imbalu, sherehe ya tohara ya Wagisu: ngoma za kadodi, vijana wamepakwa unga, barabara imejaa watu na magari yamesimama. Siku hiyo mpokee kituoni mwenyewe, mtembee kwa miguu hadi nyumbani, malewa, yaani machipukizi ya mianzi, ya karanga yakiwa tayari jikoni.