Nani kala mbuzi? Somo la kutegea fisi na bweha kamera, Mwanza na kandokando ya ziwa

Wakuu, huku Magu, Kwimba na Misungwi maneno ni yale yale kila mwaka. Mbuzi kaliwa usiku, asubuhi kijiji kizima kinasema ni fisi, jioni mtu keshanunua sumu ya kupaka kwenye nyama. Sumu hiyo inaua mbwa wa jirani na tumbusi wanaoshukia mzoga, na mla mbuzi mwenyewe huenda hata hajaigusa. Somo hili ni la wafugaji, na pia wawindaji wenye leseni wanaokutana na wanyama hawa porini. Kabla hujaamua kuua, mjue kwanza aliyekuja.

Kamera ninayoizungumzia ni ile ya boksi dogo inayofungwa kwenye mti na kuachwa. Ina kihisi kinachotambua joto linalosogea mbele yake. Mnyama akipita, inaamka na kupiga picha. Watafiti wa Serengeti walitega kamera 225 za namna hii kuanzia mwaka 2010, kwenye eneo la kilomita za mraba 1,125. Wewe kwa zizi lako moja au mbili zinatosha.

Hatua ya 1: Ruhusa. Ardhi ya kijiji, ongea na mwenyekiti na mtendaji. Ndani ya hifadhi ya taifa, iwe Serengeti, Saanane au Rubondo, usitege chochote bila idhini ya TANAPA (shirika la hifadhi za taifa). Mapori ya akiba muulize TAWA (mamlaka ya wanyamapori). Na tafadhali sana, usiielekeze kamera kwenye njia ya kisimani au mahali watu wanapooga ziwani.

Hatua ya 2: Tafuta njia yao. Fisi na bweha hupita panapopitika kirahisi: njia za ng'ombe, makorongo, kingo za majaruba ya mpunga, uwazi kati ya mawe. Unyayo wa fisi una vidole vinne na alama za kucha, na wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma. Kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kwa sababu ya mifupa anayokula. Ukiona unyayo wa mviringo usio na kucha, fikiria chui.

Hatua ya 3: Kufunga. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Funga kwenye urefu wa goti, sentimita 40 hadi 60, mita tatu hadi tano kutoka njiani. Iangalie njia kwa mshazari ili mnyama akae mbele yake muda mrefu zaidi. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo ielekeze kaskazini au kusini. Ukiielekeza mashariki au magharibi, jua la asubuhi au la jioni litaipofusha.

Halafu mawe yetu ya Mwanza. Jiwe lililoshika jua mchana kutwa linabaki na joto mpaka usiku umeingia. Mnyama akipita mbele yake, kihisi hakioni tofauti kubwa ya joto na kamera inalala tu. Jiwe liwe nyuma ya kamera, lisiwe nyuma ya mnyama. Nyasi nazo fyeka zote mbele ya kamera, maana upepo wa ziwani wa mchana hautulii, na jani moja lenye jua linaweza kukujazia memori kadi yote.

Ziba matundu, sisimizi wanapenda sana kuzaliana humo. Kama fisi ni wengi, tumia boksi la chuma lenye kufuli. Taya linalovunja mfupa wa ng'ombe halishindwi na plastiki, na kufuli linasaidia pia kwa wezi wa miguu miwili.

Hatua ya 4: Mipangilio. Picha tatu mfululizo, mapumziko mafupi. Betri za lithiamu zinadumu kuliko za kawaida. Saa iwe ya mfumo wa saa 24, na ukiandika daftarini fafanua: 02:00 ya kamera ni saa nane usiku. Nimeona ugomvi wa wafugaji ukikuzwa na kosa hilo tu.

Hatua ya 5: Kusoma picha. Picha za usiku hazina rangi, kwa hiyo angalia umbo. Fisi mgongo wake unateremka kuelekea nyuma. Mbwa mwitu wetu ana masikio makubwa ya duara na mabaka mwilini, na hutembea kwa kundi. Bweha ana masikio yaliyochongoka: mwenye tandiko jeusi mgongoni ni bweha mgongo mweusi, mwenye ncha nyeupe ya mkia ni bweha miraba. Mkia uliojikunja au kamba shingoni? Huyo ni mbwa wa mtu, na hutokea mara nyingi kuliko tunavyopenda kukubali.

Picha ya mnyama juu ya mzoga haitoshi kumhukumu, maana huenda amekuta kilichouawa na mwingine. Linganisha na majeraha. Mbwa hung'ata ovyo na kuacha mbuzi kadhaa wamejeruhiwa bila kuliwa. Chui hukaba koo. Fisi huondoka hata na mifupa. Bweha huchukua vitoto vya mbuzi.

MASWALI YA WANACHAMA

Msukuma wa Lamadi: Mkuu, mjomba wangu mwindaji anaapa alikutana na mbwa mwitu kama wale wa Ulaya upande wa Serengeti. Inawezekana?

*Jibu:* Wale wa Ulaya hawapo kwetu, lakini mjomba usimcheke. Serengeti yuko bweha dhahabu, na uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba huyu wa Afrika ni spishi tofauti na bweha dhahabu wa Asia, na nasaba yake iko karibu zaidi na mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Marekani. Mwombe picha ya ubavuni, yenye mkia wote.

Mama Kayenze: Bweha kaja mchana kweupe uani, haogopi watu wala mbwa. Nimtegee kamera?

*Jibu:* Hapana mama. Ingiza watoto ndani, mwite mtendaji na afisa mifugo. Tabia hiyo inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Akimng'ata mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Na mbwa wenu wachanjwe.

Kijana wa Sengerema: Niweke nyama mbele ya kamera ili waje haraka?

*Jibu:* Usithubutu, mdogo wangu. Utamfundisha fisi kwamba nyumbani kwenu kuna chakula, na kamera ikishaondoka yeye atarudi.

Mzee wa Ngudu: Nikiwa na picha nitalipwa mbuzi wangu?

*Jibu:* Shikamoo mzee. Kuna kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi kwa hasara za wanyama wakali, lakini picha peke yake haitoshi. Toa taarifa mapema kwa mtendaji na afisa wanyamapori wa wilaya, mzoga usiuondoe kabla hawajaukagua, na memori kadi usiifute. Picha iwe na tarehe na saa sahihi.