Namna ya Kuunda Bendi Isiyovunjika Mwimbaji Akiondoka: Mfano wa AC/DC ya Australia

Nchini Uganda bendi nyingi huzaliwa chini ya jina la mwimbaji, na hufa siku mwimbaji huyo anapopata meneja wa kumtoa peke yake. Wapiga vyombo wanaobaki hurudi hotelini na kwenye sherehe za kwanjula, yaani za utambulisho wa wachumba, wakimsindikiza yeyote anayelipa usiku huo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanaotaka kitu kingine, yaani kundi lenye jina lake, sauti yake na mali yake, linaloweza kumpoteza mtu yeyote na bado likapanda jukwaani. Mfano nitakaoufuata ni AC/DC, bendi ya roki iliyoanzishwa Sydney, Australia, mwishoni mwa mwaka 1973, ambayo imebadilisha waimbaji, wapiga ngoma na wapiga besi, ikampoteza hata mwanzilishi wake, na bado ikabaki kuwa bendi ileile. Si lazima uupende muziki wa magita makali ili ufaidike na habari zao, kwa kuwa mpiga kidandali, muziki wa dansi wa Uganda, wa Masaka na mpiga lingala wa Arua husumbuliwa na mambo yaleyale.

Mtu wa katikati

Kabla ya kutafuta mwimbaji, amueni ni nani atakayekuwa uti wa mgongo wa kundi. Katika AC/DC mtu huyo alikuwa Malcolm Young, mpiga gita la rithimu. Mdogo wake Angus, aliyevaa sare ya shule na kukimbia huku na huko jukwaani, ndiye aliyepiga solo na ndiye aliyepigwa picha. Watazamaji walimtazama Angus, lakini wanabendi walimsikiliza Malcolm. Katika maonyesho yao ya zamani utamwona amesimama nyuma, karibu na ngoma na amplifaya. Kibwagizo kinapofika husogea mbele hadi kwenye maikrofoni, akaitikia pamoja na mpiga besi, kisha akarudi mahali pake. Gita lake la Gretsch alilipunguza badala ya kuliongezea: aliondoa vinasa sauti, akabakiza kimoja tu kilicho karibu na daraja la nyuzi, akafunga nyuzi nene kuliko zile wanazotumia wapigaji wengi, na hakutumia mitambo ya kupamba sauti. Mdundo uliotoka hapo ni mkavu na unasikika wazi, kiasi kwamba wimbo wao hutambulika kabla mtu hajafungua kinywa kuimba.

Katika bendi zetu kazi hii huwa ya mpiga besi au wa kinanda, na haijalishi ni chombo gani, maadamu mhusika anajua sehemu ya kila mwenzake, anafika mazoezini kwa wakati, na haoni haya kumwambia rafiki yake kwamba amekosea. Mpeni mamlaka ya kusema neno la mwisho kuhusu mpangilio wa nyimbo, na muwaeleze wote jambo hilo mapema, kwa sababu kundi ambalo kila wimbo hupigiwa kura halimalizi mazoezi.

Kisha fanyeni mazoezi bila mwimbaji angalau siku moja kwa wiki. Pigeni wimbo wenu wote kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa vyombo vitupu, na mwiteni mtu wa nje asikilize. Asipoutambua, ujue kwamba mnachokipiga ni usindikizaji tu, na wimbo wenyewe haujatungwa. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa kuwa jukwaa la Kampala limezoea mwimbaji anayepanda na muziki uliokwisha kurekodiwa, akaimba juu yake na kushuka. Prodyuza amefanya yote studioni, na hakuna mtu jukwaani anayejua kwa nini besi inaingia pale inapoingia. Bendi haiwezi kurithishana kitu isichokijua.

Anayetaka ushahidi wa karibu zaidi amtazame mpiga saksafoni Moses Matovu na Afrigo Band, bendi ya Uganda iliyoanza mwaka 1975, miaka miwili tu baada ya AC/DC. Waimbaji wengi wamepita katika kundi hilo, wengine wakawa nyota kwa majina yao wenyewe, na saksafoni ya Matovu ikaendelea kulia.

Karatasi kabla ya jukwaa

Sajilini jina la bendi kwenye Idara ya Huduma za Usajili ya Uganda, URSB, mkiwa bado hamna kitu cha kugombania. Jina lisajiliwe kwa niaba ya kundi na lisiwe la mtu mmoja, na katika makubaliano yenu ya ndani iandikwe waziwazi kwamba anayeondoka haondoki nalo. Watungaji wenu nao wajiunge na chama cha haki za wasanii, UPRS, na nyimbo ziandikishwe kwa majina yao halisi pamoja na mgawo wa kila mmoja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 2006 inamlinda mtunzi, lakini sheria haiwezi kukumbuka kwa niaba yenu ni nani aliyetunga kiitikio usiku ule kule Ntinda, Kampala.

AC/DC hawakuwa na utata mwingi katika jambo hili, ingawa si kila aliyepita kwao aliufurahia utaratibu wenyewe. Nyimbo za miaka ya sabini ziliandikwa kwa majina ya ndugu wawili pamoja na mwimbaji Bon Scott, na baada yake jina la Brian Johnson likachukua nafasi hiyo ya tatu. Kufikia albamu ya mwaka 1990 nyimbo zote zilikuwa kwa majina ya Angus na Malcolm peke yao. Wapiga besi na wapiga ngoma walilipwa kwa kazi ya kupiga. Mimi ningependekeza mgawo wenye ukarimu zaidi, hasa mahali ambapo mapato ya nyimbo ni madogo na uchungu wa kuachwa nje ni mkubwa, lakini mgawo wowote ulioandikwa na kutiwa saini unashinda ahadi ya mdomo. Fedha za maonyesho nazo zipokelewe kwa namba moja ya simu inayojulikana na wote, na anayeitunza atume maelezo ya mapato na matumizi kwa kila mwanabendi asubuhi inayofuata.

Siku moja ya wiki, ukumbi mmoja

Onyesho lao la kwanza linalokumbukwa lilifanyika mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1973, katika klabu ya Chequers mjini Sydney. Kuanzia hapo walipiga katika baa za Australia, wakahamia Melbourne, wakaishi pamoja katika nyumba moja, na wakawa wanapiga karibu kila usiku uliowezekana. Walipofika London mwaka 1976 bila kujulikana, walishikilia usiku wa Jumatatu katika klabu ya Marquee na kuurudia wiki baada ya wiki hadi foleni ikawa inazunguka nje. Jumatatu ni usiku ambao hakuna anayeugombania, na mwenye ukumbi yeyote, wa London au wa Kabalagala hapa Kampala, hufurahi kuukabidhi kwa watu watakaokuja na wateja wao.

Kwa hiyo msikimbilie tamasha kubwa ambalo mtapewa dakika chache saa tisa alasiri. Tafuteni ukumbi mdogo wenye umeme wa kutegemewa au jenereta inayofanya kazi, ombeni usiku ulio mtupu, na mkubaliane kwa maandishi kuhusu mgawo wa kiingilio, chakula cha wanabendi na saa ya kujaribu mitambo. Jengeni hadhira ileile kwa miezi. Nyimbo zinazowafanya watu wainuke zibakizeni, na zinazowafanya watazame simu zao ziondoeni, hata kama mtunzi wake ndiye mwenye gari la kubebea vyombo. Mkishaushika mji mmoja, nendeni Jinja, ambako mtarudi usiku uleule, kisha Mbarara na Gulu, ambako gharama ya mafuta na malazi lazima ihesabiwe kabla ya kusema ndiyo.

Kuhusu kujitangaza, tarehe 23 Februari 1976 AC/DC walipanda juu ya lori la wazi pamoja na wapiga zumari za Kiskoti, wakazunguka katika barabara ya Swanston mjini Melbourne huku kamera zikiwarekodi. Watu wa Kampala hawahitaji kufundishwa kuhusu lori lenye spika. Wanachosahau ni kuomba kibali cha maandishi kwa mamlaka ya jiji na polisi, na kuweka kamera yenye mtu anayejua kazi yake, ili msafara wa saa mbili ubaki kuwa filamu ya kutumiwa mwaka mzima.

Mwimbaji anapoondoka

AC/DC walilipitia jambo hili mapema. Mwimbaji wao wa kwanza, Dave Evans, aliachwa mwaka 1974, na nafasi yake akapewa Bon Scott, aliyekuwa na umri mkubwa kuliko wenzake na maneno yenye utani mwingi. Kwa miaka mitano sauti yake ikawa sura ya bendi. Tarehe 19 Februari 1980 alifariki dunia jijini London akiwa na umri wa miaka 33, wakati kundi lilikuwa limeanza tu kuingia katika soko la Marekani. Kufikia tarehe 25 Julai mwaka huohuo albamu ya Back in Black, iliyorekodiwa Bahamas na mwimbaji mpya, ilikuwa imetoka, na inakadiriwa kuwa imeuza nakala milioni 50 duniani.

Hatua ya kwanza waliyoichukua ilikuwa ya heshima. Walikwenda mazikoni, na familia ya marehemu ikawatia moyo waendelee. Kwetu jambo hili lina uzito mkubwa zaidi: kabla ya kutangaza chochote, viongozi wa bendi wafike kwa wazazi au mjane, wazungumze nao kuhusu haki za nyimbo za marehemu, na wakubaliane namna mapato yatakavyofika kwao. Bendi inayorudi jukwaani huku familia ikilalamika redioni itapoteza watu wengi kuliko itakaowapata.

Hatua ya pili ni usaili. Brian Johnson, aliyewahi kuimba na kundi la Geordie huko Newcastle, alijaribiwa kwa wimbo mmoja wa bendi na mwingine usiokuwa wao. Fuateni mtindo huo. Wimbo wenu utawaonyesha kama anaweza kuufikia ufunguo mnaoutumia, na wimbo wa nje utawaonyesha yeye ni nani. Wekeni mapema daftari lenye ufunguo, mwendo na maneno ya kila wimbo, pamoja na sauti iliyorekodiwa mazoezini, ili mgeni ajifunze kwa wiki mbili badala ya miezi mitatu. Msichague anayemwiga aliyeondoka, kwa kuwa atashangiliwa usiku wa kwanza na kulinganishwa naye kila usiku baadaye. Johnson alikuwa na sauti yake, kali na ya juu, na mara moja alipewa nyimbo mpya za kuandikia maneno badala ya kuachwa arithi za marehemu peke yake.

Hatua ya tatu huanza miaka mingi kabla ya msiba, nayo ni kuwa na mtu wa akiba kwa kila chombo. Malcolm aliposimama kwa muda katika ziara ya mwaka 1988 ili kuachana na pombe, mpwa wao Stevie Young alishika gita lake. Mwaka 2014 Malcolm alipostaafu kwa sababu ya maradhi ya kupoteza kumbukumbu, ni Stevie huyohuyo aliyeitwa, na mdundo haukuyumba. Malcolm alifariki mwaka 2017. Mkaribisheni kijana mazoezini, mlipeni nauli, na mpeni wimbo mmoja apige katika kila onyesho.

Na milango isifungwe kwa kishindo. Mpiga ngoma Phil Rudd alifukuzwa mwaka 1983 na kurudi mwaka 1994. Johnson mwenyewe alilazimika kusimama mwaka 2016 baada ya madaktari kumwonya kwamba angeweza kuwa kiziwi kabisa, Axl Rose, mwimbaji wa Guns N' Roses, akamalizia ziara, na albamu ya mwaka 2020 ikatoka Johnson akiwa ndani yake. Hapa niongeze kwamba vizibo vya masikio vinapatikana kwa bei ndogo kuliko seti ya nyuzi, na katika kumbi zetu finyu zenye spika za uwanjani, kila mwanabendi anavihitaji.

Mnapovuka mpaka

AC/DC walihamia Uingereza kwa sababu Australia ilikuwa soko dogo, na bendi ya Uganda itafika mahali hapohapo mapema zaidi. Kiswahili kitawasaidia hapa, kwa kuwa wimbo unaoeleweka Arua utaeleweka pia Bunia, Nairobi na Mwanza, wakati wimbo wa lugha moja ya kwetu utahitaji mtafsiri ukishavuka mpaka wa Busia. Lakini msitarajie kuanzia juu: kampuni yao ya Marekani iliikataa albamu ya mwaka 1976 na kuitoa mwaka 1981 tu, baada ya bendi kuwa kubwa. Pangeni maonyesho kadhaa madogo katika njia moja ili nauli igawanywe, ombeni malipo ya awali kabla ya kuondoka, na andikeni orodha ya vyombo vyote pamoja na namba zake za kiwandani, ipigwe muhuri forodhani mnapotoka. Bila orodha hiyo mnaweza kudaiwa ushuru wa gita lenu wenyewe mnaporudi nyumbani.