Lifti ikikatika, usihangaike kuruka

Wengi wanaamini kwamba lifti ikiporomoka, ukiruka sekunde ya mwisho kabla haijagonga chini utapona. Hesabu inakataa. Ukianguka kutoka mita 30, unafika chini kwa kasi ya karibu kilomita 87 kwa saa. Mtu mwenye miguu mizuri akiruka kwa nguvu zake zote anapata kama kilomita 10 kwa saa kwenda juu. Toa hizo, zinabaki 77. Bado unagonga, tena huenda ukiwa umekaa vibaya, na kichwa kikakutana na dari. Halafu ndani ya kisanduku kisicho na dirisha, hiyo sekunde ya mwisho utaijuaje? Na lifti ikianguka kwa uhuru, nawe unaelea humo humo, hivyo ni vigumu kuikanyaga sakafu vizuri ili uruke.

Likitokea la kutokea, lala chali katikati ya sakafu, ukinge kichwa kwa mikono. Pigo litagawanyika mwili mzima badala ya kuishia miguuni na kwenye uti wa mgongo.

Ila tukio lenyewe ni nadra mno. Lifti ya kamba hushikwa na kamba kadhaa za chuma, na zikikatika zote kuna breki zinazobana reli za pembeni; mvumbuzi Mmarekani Elisha Otis alionyesha breki ya usalama ya namna hiyo hadharani New York mwaka 1854. Hatari ya kweli ni lifti kukwama kati ya ghorofa na mtu kulazimisha milango ili ajitoe. Bonyeza kengele, usubiri fundi.