Kanda ya zamani inuse kwanza

Kanda ya video ikinijia mkononi, jambo la kwanza ni kuinusa. Kanda nzima hunuka plastiki. Iliyougua hunuka godoro lililonyeshewa, na hapa Mombasa zilizougua ndizo nyingi, maana joto na unyevu wa pwani kuvu huvipenda mno. Mulika tochi ya simu kwenye kidirisha cha kaseti. Ukiona weupe kama unga wa muhogo pembezoni mwa utepe, usiitie kwenye deki. Mimi niliitia moja nilipoanza kazi hii, na jioni ile ile deki ikaziambukiza kanda tatu nyingine zilizokuwa safi.

Nimekulia nyuma ya kaunta. Ami alikuwa na duka la kukodisha kanda Makadara, na kanda iliyogombewa kuliko zote ilikuwa Sholay, filamu ya Kihindi, aliyoletewa na baharia kutoka Uingereza. Filamu ile ilitoka Agosti 1975, India ikiwa chini ya hali ya hatari, na wakaguzi wa filamu walikataa Thakur, mwenye kisasi, amuue jambazi Gabbar kwa mkono wake (kwa mguu wake, niseme, maana mikono hana). Mwisho ukapigwa upya: polisi wanafika, Gabbar anakamatwa. Walioiona sinema waliujua mwisho huo tu. Ule wa kwanza ulikuja kutoka kwenye kanda ya VHS iliyouzwa Uingereza mwaka 1990. Kwa hiyo kasha la plastiki la ami lilibeba kitu ambacho skrini kubwa haikuwa nacho. Mwaka 2025 Film Heritage Foundation ya Mumbai na Sippy Films waliirejesha filamu hiyo na mwisho wake wa awali, ikaonyeshwa Bologna, Italia. Filamu nyingi hazina bahati hiyo. Toleo lao la kwanza liko kabatini kwa mtu, linaliwa na kuvu.

Basi tuanze na kuvu. Subiri siku kavu ya kaskazi, kaa barazani wala si chumbani, vaa barakoa. Kasha la VHS hufungwa kwa skrubu tano upande wa chini. Lilaze kifudifudi, toa skrubu, kisha ligeuze likiwa limeshikana ndipo uinue kifuniko cha juu. Piga picha kwa simu kabla hujagusa chochote, kwa sababu mna springi ndogo ambayo ikiruka utaitafuta mpaka magharibi. Toa vigurudumu viwili pamoja na utepe wake. Futa pembeni kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kikavu, bila kukandamiza. Spiriti ni ya deki, si ya utepe. Ukimaliza, hamishia utepe kwenye kasha jingine safi. Kanda ya harusi iliyoharibika au filamu mbovu ya kununua kwa bei ya maandazi itakupa kasha.

Halafu ipeleke mbele mpaka mwisho na kuirudisha nyuma mpaka mwanzo, mara moja, kwenye deki usiyoililia. Utepe uliolala miaka ishirini na tano hushikana. Mimi nina deki mbili: ya kazi chafu, niliyoipata Kongowea, na ya kunasia, yaani ya kuhamishia picha kwenye kompyuta, ambayo haitiwi mkono na mtu mwingine yeyote. Deki mpya usitafute. Funai, kampuni ya mwisho kuzitengeneza, iliacha mwaka 2016.

Hedi za deki, vile vichwa vinavyosoma utepe, zisafishe kila baada ya kanda chafu. Loweka kipande cha karatasi nyeupe ya kawaida kwenye spiriti safi ya asilimia 99, kiegemeze kwenye lile pipa linalong'aa, halafu zungusha pipa kwa kidole polepole. Karatasi haisogei, pipa ndilo linalozunguka. Ukisugua kwenda juu na chini utavunja hedi, na hapo fundi hatakusaidia.

Sasa kunasa. Kile kidude cha bei rahisi cha USB kinachouzwa mtaani kinafanya kazi, ila picha hutetemeka, kwa sababu deki haitoi mistari kwa mpangilio sawa. Mimi hupitisha waya kwanza kwenye rekoda ya DVD ya zamani, ambayo hunyoosha mistari kabla picha haijafika kwenye kompyuta. Nasa kwa pikseli 720 kwa 576, umbo la nne kwa tatu, kwa kodeki (njia ya kufungasha picha kwenye faili) isiyopoteza kitu, kama FFV1 au HuffYUV. Faili litakula gigabaiti 30 hivi kwa saa. Usilione kubwa. Duka moja mjini lilinifanyia kanda za mteja kwa bei nzuri, yakarudi mafaili madogo yaliyobanwa, watu wamevutwa mpaka nyuso zao zikawa kama sinia, na kanda zenyewe zikatupwa. Tangu siku hiyo sitoi kanda mkononi mwangu.

Nasa mara tatu. Cheche nyeupe zinazoruka kwenye picha mara nyingi hutokana na vumbi na hedi, na haziangukii mahali pamoja kila mara. Ukizipanga nasa tatu sambamba, programu itachukua thamani ya katikati kwa kila pikseli na cheche nyingi zitatoweka, bila ya kuparua picha. Hapo ndipo ninapoishia kusafisha. Programu za kulainisha nazichukia: zinamfuta mtu makunyanzi, zinafuta na chembechembe za filamu, kila mtu anatoka kama sanamu la nta.

Mzee mmoja wa Kibokoni alinirudia amekasirika. "Mwanangu, hii umeikata. Kitabu chasema saa tatu kamili, na mimi nimehesabu dakika 173."

"Haikukatwa, babu. Imekimbizwa."

Filamu ya sinema hupita kwa picha 24 kwa sekunde. Televisheni ya PAL, tuliyokuwa nayo Kenya, huonyesha 25. Waliohamisha filamu kwenye kanda waliiendesha haraka kidogo tu, basi. Kila saa hupungua karibu dakika mbili na nusu, na saa tatu zikawa dakika 173 bila ya kukatwa kitu. Sauti nayo hupanda, si sana, haifiki nusu toni, lakini aliyezoea nyimbo atajua. Mamangu alikuwa akisikiliza kanda za ami na kuuliza, "Mbona Lata leo ana sauti ya kitoto?" Alimaanisha mwimbaji Lata Mangeshkar. Kwa hiyo kabla hujamtuhumu mkaguzi, zidisha dakika za kanda kwa 25 ugawe kwa 24. Zikilingana na za sinema, filamu ni nzima. Zikipungua, sasa tafuta palipokatwa. Kurekebisha, punguza kasi ya picha na sauti pamoja mpaka 24.

Tena, kila picha ya PAL huja nusu mbili, mistari ya witiri na ya shufwa. Kwa filamu, nusu zote mbili zimetoka kwenye picha moja, basi ukiona meno ya kitana kwenye skrini, oanisha nusu zake upya. Usiendeshe programu ya kuyafuta meno, utapoteza mistari bure. Kanda ya harusi iliyopigwa kwa kamera ya video ni habari nyingine.

Kama filamu ina DVD nzuri yenye toleo lililobadilishwa, chukua picha kutoka humo na uzibe kwa kanda pale palipotofautiana tu. Weka daftari: dakika, tukio, lipo wapi, halipo wapi. Sauti ilinganishe pia. DVD nyingine zimewekewa milio mipya ya bastola. Kanda ina mlio wa zamani, mkavu, na huo ndio watu waliousikia sinema. Mahali pa kiungo paache paonekane. Mtazamaji ana haki ya kujua kipande kipi kimetoka kwenye kanda. Na kazi ni za wenyewe: mimi nahifadhi, siuzi nakala.

Hifadhi kwenye diski mbili, moja nyumba nyingine. Kanda usitupe. Irudishe mwanzo, isimamishe kama kitabu, mbali na spika, ndani ya kontena la plastiki lenye vile vipakiti vya maboksi ya viatu, uvibadilishe kila baada ya masika.

Sholay ya ami ndiyo iliyonitesa kuliko zote. Saa tatu za mwanzo zilitoka safi. Mwisho, ule ule wa Thakur, umekwaruzwa kama sufuria, kwa sababu wateja walikuwa wakiurudisha na kuusimamisha Gabbar akianguka, na kanda ikisimamishwa hedi husugua pale pale. Nimeunasa mara tisa kwa deki mbili. Kibandiko chake kinasema: "Dakika tano za mwisho zimechakaa. Usirudishe nyuma."