Kung'arisha kava za injini ya pikipiki nyumbani: msasa ndio kazi, mopu ni mapambo

Kava ya aluminiamu ya pikipiki inayovuka kivuko cha Likoni, Mombasa, kila siku huota ukungu mweupe unaofanana na chumvi. Huo ni ulaji wa aluminiamu yenyewe, na dawa ya kung'arishia kama Brasso pekee haiutoi. Lazima usugue kwa msasa, kisha umalizie kwa mopu, yaani gurudumu la kitambaa linalozungushwa na mashine.

1. Fungua

Mwaga oili, fungua kava, kwangua gasketi kuukuu, toa sili za mpira na beringi kama zipo. Kisha kwangua kidogo mahali pa ndani mpaka madini yamete, utone siki. Ikichemka mapovu papo hapo, hiyo ni magniziamu: irudishe ilivyo. Unga wake hushika moto, na maji huuzidisha.

2. Osha, toa rangi

Mafuta ya taa kwanza, kisha sabuni. Rangi itoe kwa dawa ya kutolea rangi. Usithubutu kutumia kostiki soda, hata fundi akikwambia ni rahisi. Hula rangi, kisha huendelea kula kava.

3. Mshono wa kalibu

Ule ukingo uliobaki pale nusu mbili za kalibu zilipokutana wakati wa kusubu (kumimina aluminiamu iliyoyeyuka) uondoe kwa tupa ya nusu duara. Paka tupa chaki, la sivyo aluminiamu itajaa kwenye meno na kuchora mifereji. Diski ya jiwe ya grainda isiguse kazi hii kabisa: aluminiamu huziba jiwe, jiwe likapata moto, na linaweza kupasuka.

Usichimbe sana. Kava ya kusubu ina ngozi nzito juu, ndani mna vitundu vya hewa. Ukishaivuka ngozi, kila kitundu unachokifukuza kinafichua vingine viwili. Kovu refu liache lilivyo.

4. Msasa

Kabla ya yote, funga kava kwa boliti juu ya kipande cha plaiwudi. Uso wa gasketi utalindwa (mkwaruzo mmoja hapo ni oili kuvuja), nawe utapata pa kushikia.

Tumia msasa wa maji: 240, 400, 600, 800, 1000. Anza na 180 pale tu tupa ilipopita. Sugua kwa mistari iliyonyooka, si kwa mviringo, na kila namba ikate mistari ya namba iliyotangulia kama msalaba. Mistari ya zamani ikiisha yote, ndipo uende mbele.

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Mkwaruzo wa 240 ulioachwa hauonekani tena ukifika 600, kwa sababu kava nzima imekuwa ya kijivu. Ukipeleka kwenye mopu, unatokeza kama ulioparurwa na paka, na dawa pekee ni kurudi 240. Kwa hiyo kagua kila namba: kausha kava, ilaze tochi ubavuni ili mwanga upite juu juu. Bado una shaka? Paka wino wa maka, sugua mara chache. Wino ukibaki ndani ya mistari, hujamaliza.

Kila ukibadilisha namba, mwaga maji, osha kava, plaiwudi na mikono. Punje moja ya 180 iliyojificha kwenye ndoo itakurudisha mwanzo. Na maji yasiwe ya kisima: visima vingi vya mjini vina chumvi, na kava ikilala na maji hayo itaamka na madoa. Chukua ya mfereji au ya mvua, utie tone la sabuni ya vyombo.

Mahali palipo bapa, funga msasa kwenye kipande cha ndara. Vidole hutengeneza mawimbi ambayo utayaona siku kava inapokuwa kioo. Kwenye kona na maandishi, zungushia msasa kijiti cha mshikaki. Msasa wa drili unaokoa dakika kumi, kisha unakuachia vidimbwi vya kusawazisha mchana kutwa.

5. Mopu

Mashine ya mezani ya mopu ya milimita 150, mizunguko kama 2,850 kwa dakika, inatosha. Mopu ya katani na sabuni ya kahawia kwanza, kisha ya pamba na sabuni nyeupe (hii ni sabuni ya kung'arishia madini, inayopakwa kwenye mopu, si ya kufulia). Kila sabuni na mopu yake. Ukishona mwenyewe kwa vipande vya kanga, hakikisha ni pamba tupu. Kitambaa cha nailoni huyeyuka na kuganda kwenye kava.

Shikilia kava chini ya usawa wa katikati ya mopu, na usiukabilishe ukingo na mzunguko, maana utapokonywa. Mikono mirefu ya kanzu, leso na glavu pana ziwe mbali. Vaa barakoa na miwani. Mashine hiyo isitumike kunolea chuma: cheche juu ya unga wa aluminiamu ni moto.

Michirizi myeusi ikitokea, sabuni imezidi.

6. Osha tena

Kava nyingi za klachi zina njia ya oili iendayo kwenye krankshafti. Mchanga wa msasa ukibaki humo, utasaga beringi. Osha kwa maji ya moto na sabuni, pitisha brashi nyembamba, puliza kwa hewa, kausha.

7. Linda na urudishe

Vanishi sipendi. Jiwe dogo likiitoboa, unyevu wa chumvi huingia chini yake na kutambaa kama minyoo, na huwezi kufuta bila kubandua yote. Paka nta ya gari, rudia kila wiki mbili, na suuza kwa maji matamu ukitoka ufukweni.

Gasketi mpya, grisi kidogo kwenye boliti ili chuma na aluminiamu zisilane, kaza kwa mshazari. Boliti nyingi za M6 (unene wa milimita 6) za kava hutosheka na kama Nm (nyutoni-mita) 10. Tia oili, washa injini dakika tano, kisha pitisha kitambaa cheupe ukingoni mwa kava kutafuta mvujo.